Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa Mwanza: matibabu bure ya wazee yanaishia dirisha la dawa

Kwa Waheshimiwa viongozi wa mkoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu, madiwani na wabunge wa Mwanza,

YAH: WAZEE WASIO NA HELA KUKOSA MATIBABU MNAYOSEMA NI BURE

Shikamooni wakubwa zangu, na mlio rika langu habari za kazi.

Mimi ni mkazi wa Igoma, nauza dagaa, na mama yangu mzazi anakaa kwangu tangu presha na sukari vimzidi kule Magu. Naandika hadharani kwasababu njia za ndani nimeshazipita zote. Nilianza kwa mtendaji, mtendaji akanielekeza ustawi wa jamii, ustawi wakaniambia niandike barua, nikaandika, ikagongwa muhuri masjala, nakala ninayo, na majibu sijapata mpaka leo. Kila nikifuatilia naambiwa iko mezani kwa bosi. Sitaji kituo wala jina la mtumishi hapa na nimefanya hivyo kwa makusudi, maana nikitaja mtamhamisha nesi mmoja mkasema tatizo limekwisha, wakati nesi mwenyewe hana dawa ya kutoa na amechoka kutukanwa na ndugu wa wagonjwa. Ninachokilalamikia ni mpangilio, na mpangilio mnao nyie.

Malalamiko yangu kwa ufupi ni kwamba mkoani kwetu wazee wawili wenye umri mmoja na ugonjwa mmoja hawatibiwi sawa, wa kwanza anatibiwa kwasababu ana hela au ana mtoto mwenye hela, wa pili anapewa karatasi arudi nayo nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Katiba ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Kwahiyo msinione nimekuja kuomba hisani, nimekuja kudai kitu ambacho kimeshaandikwa.

1. Bure inaishia kwa daktari.

Mzee akifika na kitambulisho chake anapita dirisha la wazee, faili halipi, kumwona daktari halipi, hapo nawashukuru kabisa na sitasema uongo kwamba hakuna kilichofanyika. Shida inaanza akitoka kwa daktari. Kipimo hiki kipo lakini vitendanishi, dawa za kupimia, vimeisha, nenda maabara ya nje. Dawa hii haipo, kanunue nje. Neno "nje" ndio linalowamaliza wazee wetu, kwasababu nje hakuna msamaha wa malipo, nje kitambulisho cha mzee ni plastiki tu.

Kuna babu mmoja tulikaa naye benchi moja tukisubiri dawa, mvuvi wa zamani, mikono yake bado ina makovu ya nyavu, alikuwa ametoka kisiwani na kitambulisho chake amekifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili kisiloe. Alipofika dirishani akarudishiwa cheti kimechorwa mstari kwenye dawa ya presha, akaambiwa hiyo haipo. Nikatoka naye mpaka duka la dawa lililo karibu na geti. Dawa ipo. Muuzaji akamtajia bei ya vidonge vya mwezi mzima, babu akafungua fundo la hela akahesabu, alafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "mama, buku mbili unanipa vya siku ngapi?" Akakatiwa vipande vya vidonge kwa mkasi, akavifunga kwenye ule ule mfuko wa nailoni. Nilimuuliza vikiisha itakuwaje, akasema atakuwa anakunywa siku anayosikia kichwa kinauma.

Waheshimiwa, mna waganga hapo mezani kwenu, waulizeni dawa ya presha ikinywewa siku kichwa kikiuma tu inaleta nini. Presha ya mtu inaweza kuwa juu na kichwa kisiume kabisa, na mwisho wake ni kiharusi, upande mmoja unalala, mdomo unapinda, na hapo sasa familia nzima inaacha kazi kumgeuza mgonjwa kitandani. Babu yule hakukosa daktari, daktari alimwona na akaandika dawa sahihi, alichokosa ni hela ya vidonge vilivyobaki. Mzee mwenye duka pale mjini mwenye presha hiyohiyo ananunua dozi ya miezi mitatu anaweka kabatini na hana habari.

2. Msamaha hauna mtu anayeulipia.

Hili ndilo nataka mlisome mara mbili kwasababu nimeona watu wengi wanawalaumu wafamasia bure. Uchangiaji, yani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, kwenye hospitali za serikali ulianza 1993, na tangu hapo kituo kinaendeshwa kwa kile kinachotoka serikali kuu pamoja na makusanyo yake chenyewe, yani wanaolipa papo kwa papo na wanaotumia bima. Sasa mgonjwa wa bima akitibiwa, kituo kinadai bima na kinarudishiwa. Wa papo kwa papo analipa kwa kontrol namba hela inaingia. Mzee wa msamaha akitibiwa, dawa imetoka, kipimo kimetumika, na hakuna mahali kituo kinapeleka bili irudi. Yani kila mzee maskini anayehudumiwa vizuri anakiachia kituo pengo, na kituo kinachotekeleza sera kwa moyo wote ndicho kitakachomaliza dawa mapema kuliko jirani yake anayewazungusha wazee.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo. Mwisho wa mwezi anaulizwa makusanyo yamefika wapi, haulizwi amehudumia wazee wangapi wa msamaha. Atafanyaje? Ataweka mabango ya wazee getini kwasababu ameagizwa, na dawa itakayobaki itamsubiri anayelipa, na wala hahitaji kuwa mtu mbaya kufanya hivyo, hesabu tu zinamsukuma. Ndio maana nasema mzee tajiri na mzee maskini wanaachana kwenye daftari la hesabu kabla hata hawajaachana kwenye foleni. Mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama, na mkiacha msamaha bila fungu lake mtakuwa mmewanyang'anya wazee kisu alafu mnawakaribisha mezani.

3. Mzee anatakiwa athibitishe kwamba ni maskini.

Sera inasema "asiye na uwezo". Sawa, lakini nani anaamua? Anaamua mtendaji, mwenyekiti na ofisa ustawi, na mzee anatakiwa apande daladala awafuate, apige picha, atoe nakala, aelezwe aje kesho, na kila kesho ni nauli. Kijana wake akiwa anajuana na watu pale ofisini kadi inatoka, asiyejuana na mtu anapigwa danadana mpaka anakata tamaa. Nimeona mzee mwenye nyumba za kupangisha ana kitambulisho cha msamaha na bibi anayepika uji wa kuuza hana. Kuna wengine aibu inawazuia, mzee aliyelea watoto na wajukuu na akaheshimika kijijini mnamwambia asimame mbele ya vijana atangaze kwamba hana kitu, anaona bora alale na ugonjwa wake.

Na msituambie kuwatambua ni kazi ngumu. Wazee hawahawa walilipa kodi ya kichwa, ile ya maendeleo, mpaka ilipofutwa 2003, na wakati ule mgambo walijua kila mlango na kila kichaka ambacho mwanaume alijificha alfajiri. Serikali ilipotaka hela kwao iliwapata wote. Kama iliweza kuwatafuta nyumba kwa nyumba ili ichukue, inaweza kuwatafuta nyumba kwa nyumba ili iwape.

4. Bima inamfuata aliyekuwa na mshahara.

Mstaafu wa serikali aliyekuwa anachangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake baada ya kustaafu. Ni haki yake, simwonei wivu, na sitaki anyang'anywe. Ila jiulizeni, mvuvi alistaafu lini na nani alimkata mchango? Mama aliyelima pamba miaka na miaka, pamba iliyolisha viwanda na vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, hati yake ya mshahara iko wapi? Walifanya kazi tena ngumu, walikatwa ushuru kwenye kila gunia, na leo wanaonekana kama watu ambao hawakuchangia chochote. Mimi mwenyewe nalipa ushuru wa dagaa mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshusha, kila mzigo, na nikizeeka nitakuwa kwenye kundi hilohilo.

Akitaka kujinunulia bima, vile vifurushi vya NHIF vilivyokuja 2019 vilipanga bei kwa umri, ukifika 60 ulikuwa unalipa zaidi ya kijana. Yani kipato kinashuka bei inapanda. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita ilitusaidia wengi na nasema asante, ila ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na ugonjwa wa uzee mara nyingi haukai ngazi ya chini, figo, moyo, tezi dume, saratani, hizo zinapanda kwenda hospitali ya kanda, na huko juu kadi ilikuwa inanyamaza. Hapo ndio mtaona ukoo unakaa kikao. Mwenye ng'ombe anauza ng'ombe, asiye na ng'ombe anauza shamba, asiye na shamba anarudishwa nyumbani na familia inasema ni mapenzi ya Mungu.

5. Visiwani na ng'ambo ya maji.

Wazee wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vidogo hawana shida ya dawa peke yake. Kutoka Nansio, kule Ukerewe, kuja mjini ni masaa kwenye maji, na mzee haji peke yake, anakuja na mtu wa kumshika mkono, kwahiyo nauli mbili kuja na mbili kurudi, chakula, na pa kulala kama kipimo kimesogezwa mpaka kesho. Mwenye ndugu mjini analala kwa ndugu. Asiye na ndugu analala kwenye kibaraza nje ya wodi. Nimeshuhudia gharama ya safari ikizidi gharama ya matibabu yenyewe, na hiyo hakuna msamaha wowote unaoigusa. Hali ni hiyohiyo kwa wa vijiji vya ndani Kwimba na Misungwi, tofauti ni kwamba wao ni bodaboda badala ya meli.

6. Macho.

Hili ni fupi lakini linaniuma kuliko yote. Bibi zetu wamepika kwa kuni maisha yao yote, moshi na ugonjwa vikawaachia macho mekundu, wengine wana mtoto wa jicho. Mwenye hela anafanyiwa upasuaji mdogo anarudi anaona. Asiye na hela anabaki hivyo, na huku Usukumani mnajua wenyewe bibi mwenye macho mekundu anavyoitwa mchawi na wangapi wamekatwa mapanga kwa hilo. Kwa hao bibi zetu kukosa matibabu ya macho ni hatari ya kuuawa, na mkiipanga bajeti ya macho ipangeni mkijua hivyo.

Najua majibu yatakayokuja, kwasababu nimeshayasikia.

Mtasema watoto wao wawahudumie. Tunawahudumia. Mimi nauza dagaa na nusu ya faida ni dawa za mama. Lakini mzee ambaye watoto walikufa, au wapo na wao hawana, mnamwacha kwa nani? Mkisema watoto ndio bima basi mmekubali kwamba afya ya mzee inategemea kijana wake alipata kazi au hakupata, na hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Mtasema tusubiri bima ya afya kwa wote. Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023 na ndani yake kuna mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, nilifurahi sana kuisikia. Ila sheria haimezwi kama kidonge, na mzee wa miaka 78 hana muda wa kusubiri kanuni, miongozo na semina. Na hata hiyo bima ikifika kila kijiji, kama orodha ya wasio na uwezo itaandaliwa kwa mtindo uleule wa njoo kesho, watakaokosa ni walewale.

Mtasema bajeti haitoshi. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja 2001 kwamba afya ipate asilimia 15 ya bajeti, lakini tuache hayo makubwa tuongelee ya hapahapa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nzuri sana, na mimi kikundi chetu cha mwaloni kinajua faida yake. Kwahiyo kutenga fungu kwa kundi maalumu mnajua, ni wazee tu ambao hawamo. Na daraja la Kigongo–Busisi limejengwa juu ya ziwa, kilomita 3, zaidi ya shilingi bilioni 700, likafunguliwa 2025, na leo mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko usiku. Tulipiga vigelegele wote. Mkiamua jambo linatokea, dawa ya presha haiwashindi.

Mtasema dawa zipo, nilete jina la kituo. Sileti. Tumeni mtu asiyejulikana, mzee wa kawaida na kitambulisho chake, azunguke na cheti cha dawa za presha na sukari, muone anarudi na nini mkononi.

Kwahiyo ninaomba haya, na naomba yajibiwe moja moja:

Kwanza, bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai iwe na fungu linaloonekana kwa jina la matibabu ya wazee wa msamaha katika kila halmashauri, na kituo kirudishiwe gharama kwa kila mzee kilichomhudumia kama kinavyorudishiwa na bima. Hili likifanyika mengine mengi yatajinyoosha, kwasababu mzee atakuwa mgonjwa anayelipiwa. Likishindikana hili, msihangaike kuongeza mabango.

Pili, dawa za magonjwa ya kudumu ya wazee, presha, sukari, pumu na macho, zishuke mpaka zahanati na zitolewe dozi ya miezi miwili au mitatu kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Mzee kupanda gari kila mwezi kufuata vidonge vilevile ni kumtoza nauli tu.

Tatu, mtendaji na mhudumu wa afya wa jamii wawafuate wazee nyumbani kuwaandikisha, orodha isomwe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji ili aliyeingizwa kwa kujuana aonekane na aliyeachwa atajwe. Kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mnazo tayari, wazee wa humo waingie moja kwa moja bila kuambiwa waanze upya. Na kadi ya Ukerewe ikubaliwe Nyamagana, ya Kwimba ikubaliwe Ilemela.

Nne, huduma ya mkoba kwa visiwa, yani wataalamu wawafuate wagonjwa kule kule, yenye daktari wa macho na vipimo vya presha na sukari, kwa ratiba inayobandikwa mwaloni ili watu wajue tarehe. Na mzee wa msamaha aliyepewa rufaa asafirishwe yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza.

Tano, kama pensheni kwa wazee wote ni jambo la taifa na siyo lenu, basi wabunge wetu mlipeleke. Zanzibar walianza 2016 kuwapa wazee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 20,000 kila mwezi bila kuuliza nani alikuwa mtumishi na nani mvuvi, na baadaye wakaongeza. Babu yule wa mfuko wa nailoni angepata hata kiasi hicho cha mwanzo asingeuliza buku mbili ni vya siku ngapi.

Majibu sihitaji ya kwangu peke yangu. Yasomwe kwenye kikao cha madiwani kabla bajeti haijapitishwa, na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ambako watu wote watayasoma. Yasipotoka, wazee wa mtaa wetu wameshakubaliana kuja wenyewe kwenye kikao hicho na vyeti vyao vya dawa ambazo hawakupewa, na sisi watoto wao tutawasindikiza.

Wenu katika ujenzi wa mkoa,

Mchuuzi wa dagaa, mkazi wa Igoma, Mwanza

Nakala: wenyeviti wa mitaa na vijiji, mabaraza ya wazee ya kata